Mjadala: Wakubwa wanagombea reli, Kigoma tunapata nini?

Mleta mada
Wakuu, jana nilikuwa mwalo wa Kibirizi. Boti ya mbao inapakia saruji na sabuni za kwenda Kongo, wachukuzi wamejifunika magunia kichwani kama kofia, nyusi nyeupe kwa vumbi. Hapo hapo ubishi ukazuka: China na Marekani, nani wetu?

Langu ni hili: wote wapokelewe. Marekani na Ulaya wanasukuma njia ya reli ya Lobito, bandari ya Angola, ili shaba na kobalti ya Kongo itokee Atlantiki. Biden, akiwa bado rais wa Marekani, alifunga safari hadi Angola Desemba 2024. China nayo imerudi TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, zile kilomita 1,860 ilizojenga 1970 hadi 1975, na kampuni zake ndizo zenye mkataba wa SGR, reli ya kisasa, Tabora–Kigoma. Waacheni washindane. Meli ya Liemba ililetwa na Wajerumani kwa mambo yao, vipande vipande, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma. Wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiopoa, 1927 ikarudi kazini. Leo ni ya nani?

Dereva wa Tunduma
Mkuu, umeandika shaba ya Kolwezi, kule Kongo, inapita Kigoma. Umechanganya, haipiti. Tunaibeba sisi kwa malori, tunakatiza Zambia hadi Tunduma, foleni ndefu mpaka mtu unasonga ugali chini ya trela. Lobito itatupokonya sisi mzigo, si nyie. Nyie tazameni Burundi: reli ya Uvinza–Musongati, kilomita 282, ilisainiwa Januari 2025, na Musongati kuna nikeli.

Mama Dagaa, Katonga
Na hiyo nikeli mtaila? Wanangu, TAZARA ilijengwa kwa mkopo usio na riba. Hii ya sasa riba yake ngapi, na nani kausoma mkataba? Mwezi uliopita dagaa wangu walinyeshewa kwenye lori bovu njiani, magunia mawili yakaota ukungu. Mimi nataka behewa la dagaa. Bendera iliyochorwa ubavuni hainihusu.

Kijana wa Kasulu
Mama, bendera inakuhusu. Mwaka 2025 Marekani ilipoifunga USAID, shirika lake la misaada, jirani yangu aliyekuwa na kibarua kambi ya wakimbizi aliambiwa Jumatatu asirudi. Nyumba yake hadi leo imeishia kwenye lenta. Ndiyo maana hili la "wote wapokelewe" silikubali. Mtu anayekupa kwa sababu kagombana na mwenzake, siku wakipatana anafunga mkoba. Bora deni, angalau lina karatasi.

Mleta mada
Dereva, Kolwezi nimeifuta kwenye mada yangu hapo juu, niliiingiza kwa jazba. Kasulu, wewe bado: tukibaki na mmoja halafu naye akafunga mkoba, tunabisha hodi wapi? Ila Mama kanishika pabaya. Kuna aliyeuona mchoro wa stesheni ya SGR Kigoma? Ghala la dagaa limo, hata la bati tu? Mwenye nao auweke hapa.