Tupeane uzoefu: simenti kwenye ukarabati wa nyumba za kupangisha

Mwenye Vyumba, Tororo
Ndugu zangu, nina vyumba sita vya kupangisha, vile ambavyo hapa Uganda tunaviita mizigo. Nilivinunua vikiwa vimechoka, plasta ya chini imebambuka futi mbili nyumba nzima. Nikabandua yote, nikapiga mpya, simenti 1 kwa mchanga 3, nikiamini simenti nyingi ndiyo dawa. Mvua za Aprili zikaja. Kufikia Juni ukuta umetoa chumvi nyeupe na rangi inabanduka kama ganda la kitunguu.

Mzee mmoja fundi akaja na jembe, ukuta hakuugusa. Akachimba nje, akanionyesha: udongo wa uani ulikuwa juu kuliko sakafu ya ndani, na maji ya bati yanamwagikia pale pale. Tukateremsha udongo, tukamimina mfereji wa zege, tukafunga gata. Plasta ile niliyopiga tukaitoa, ukuta ukakaa wazi kiangazi kizima, Desemba hadi Februari, ndipo tukapiga simenti 1, chokaa 1, mchanga 6. Huu ni mwaka wa tatu. Ukipitisha kiganja, pakavu.

Nanyi tupeni yenu.

Mama wa Busia
Langu lilikuwa haraka. Mpangaji anangoja, sakafu imemiminwa Jumamosi, Jumatatu ameingia na kabati. Haikumwagiliwa hata siku moja. Mwezi haujaisha, kila ukifagia unazoa vumbi. Simenti haikauki kama nguo, inakunywa maji ndipo iwe jiwe. Kuvunja na kumimina upya kulikula kodi ya miezi minne. Sasa nafunika kwa magunia yaliyolowa, namwagilia siku 7, na kodi ya wiki hiyo naisamehe.

Fundi, Arua
Mama, umesema kweli. Naongeza: matofali yetu ya kuchoma yana kiu. Usipoyamwagia maji kabla, yanafyonza yale ya plasta, baadaye ukigonga kwa kidole pana sauti ya uwazi. Na mwenye nyumba asome namba ya nguvu ya simenti kwenye mfuko. 32.5 inatosha kujengea na kupiga plasta, 42.5 ni ya nguzo na slabu.

Kampala
Mifuko 15 niliilaza sakafuni stoo msimu wa mvua. Ya chini yote iliganda mabonge. Iwekeni juu ya mbao, mbali na ukuta, na nunueni ya kazi ya wiki hiyo tu.

Dada wa Mbale
Mimi bado nina shida. Nyumba ya zamani, niliongeza chumba, ufa ukatokea pale vinapokutana. Nimeujaza simenti mara tatu, unarudi. Wiki iliyopita fundi alibandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa simenti na kuandika tarehe. Jana nimekikuta kimekatika katikati.

Mwenye Vyumba, Tororo
Pole dada. Basi nyumba bado inatembea, usijaze tena. Msingi wa chumba kipya una kina sawa na wa zamani? Kuna mti karibu?

Dada wa Mbale
Kina sijui, nilimwachia fundi. Mti upo, mwembe mkubwa, hatua nne kutoka ukutani. Kesho asubuhi nachimba kwenye kona ile nione msingi. Nitawaletea picha.