Naomba ushauri: chawa wa kichwani wanarudi kila baada ya juma moja

Mama wa Chumbageni: Wanajamvi, habari za jioni. Binti yangu wa darasa la nne amerudi likizo kutoka bweni akiwa na chawa, na mdogo wake wa miaka miwili naye hujikuna usiku kucha. Tumewachana, tumewaosha, tumewapaka dawa, lakini wanaonekana tena. Harusi ya wifi yangu imekaribia na binti atamsindikiza bibi harusi, kwa hiyo sitaki kumnyoa. Naomba dawa itakayowamaliza mara moja.

Mzee wa Pangani: Binti yangu, nywele huota. Sisi tulinyolewa kwa wembe kila likizo, marehemu mama akizichoma nywele nyuma ya jiko, na hakuna aliyekufa kwa upara. Mfunge mtandio mzuri, watu watamsifia huo mtandio.

Umm Salim: Mimi nauliza mtoto wa darasa la nne anatafuta nini bweni. Mama akiwa mbali, nani atamkagua kichwa?

Muuza Dawa: Tusimlaumu. Chawa hukaa katika kichwa kisafi na kichafu vilevile. Hawaruki, bali hutambaa vichwa vinapogusana. Wakirudi baada ya juma moja, mara nyingi ni mayai yaliyosalia, ambayo huanguliwa kati ya siku ya 7 na ya 10. Dada, ulitumia dawa gani?

Mama wa Chumbageni: Dawa za kawaida tu. Kwanza mafuta ya taa, kwa ushauri wa mama mkwe.

Muuza Dawa: Na baada ya mafuta ya taa?

Mama wa Chumbageni: Nilinunua dawa ya kuogeshea ng'ombe, nikapimiwa katika chupa ya soda. Jana jioni nilimpaka mkubwa, na leo nakusudia kumpaka mdogo. Tafadhali msinishambulie. Niliichanganya na maji mengi, na ng'ombe wanaoogeshwa kwa dawa hiyo ndio tunaokunywa maziwa yao. Muuzaji ameniambia watu wengi huitumia.

Muuza Dawa: Usimpake mdogo hata tone. Ngozi ya kichwa cha mtoto hupitisha sumu, na chupa isiyo na lebo haituambii kilichomo. Duka la dawa lina losheni ya pemethrini ya asilimia 1, inayofaa kuanzia umri wa miezi miwili. Osha nywele kwa shampuu bila kondishena, zikaushe kwa taulo, paka losheni, subiri dakika 10, suuza, kisha chana kwa kitana chenye meno yaliyobanana. Rudia siku ya 9, ili uwapate walioanguliwa kabla hawajaanza kutaga. Kagua kila kichwa nyumbani, chako pia. Foronya na mitandio fueni kwa maji ya moto. Chawa aliyetoka kichwani hamalizi siku mbili.

Nyota ya Mkinga: Samahani, lakini hadithi hii naona imetungwa. Shule zetu nyingi hunyoa wanafunzi, sasa hao chawa walijificha katika nywele zipi? Na kwa nini kila akiulizwa hutoa jibu zito kuliko la kwanza?

Umm Salim: Hata mimi nimeanza kushuku.

Muuza Dawa: Hata kama imetungwa, yupo mzazi anayesoma hapa akiwa na chupa kama hiyo.

Mama wa Chumbageni: Ni shule binafsi inayoruhusu kusuka, na wasichana husukana wenyewe mwisho wa juma kwa kitana kimoja. Sina sababu ya kutunga. Nilisita kueleza kwa sababu binti ametapika leo mchana na mate yanamtoka sana, nami nilidhani ni chakula.

Muuza Dawa: Dada, hizo zinaweza kuwa dalili za sumu. Vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, muoshe kichwa kwa sabuni na maji mengi, mbadilishe nguo, kisha mwende hospitali sasa hivi, bila kusubiri asubuhi. Akianza kuhema kwa shida, msimalizie kuosha, ondokeni. Chukueni ile chupa, na mwelezeni daktari saa mliyompaka.

Mama wa Chumbageni: Tumeshamuosha. Baba yao ameita bajaji.

Mzee wa Pangani: Nendeni, mwanangu. Mdogo naye mchukueni akaangaliwe, maana walilala kitanda kimoja.