Familia ya Mwalimu: Baba safarini Berlin

*Jumamosi*

Rehema: Asalaam aleikum familia. Tumetoka Utrecht, Uholanzi, saa moja asubuhi, sasa hivi tumeshaingia Ujerumani. Nampeleka Baba jumba la makumbusho la Berlin akaone mifupa ya yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, iliyochimbwa Tendaguru kwetu Lindi. Baba amekaa mbele na mto wake wa mgongo. Tuombeeni dua.

Hamisi: Waaleikum salaam dada. Shikamoo Baba!

Baba: Marahaba mwanangu. Nchi tambarare hii, hata kichuguu sijakiona tangu tutoke.

Shangazi Somoe: Kaka, miguu je? Isije ikavimba tena kama siku uliyofika na ndege.

Rehema: Shangazi usijali, kila tukienda saa moja na nusu tunasimama. Anashuka, anatembea mpaka mwisho wa maegesho na kurudi. Mpaka Berlin ni zaidi ya kilomita 600 na sitaki tuzimalize kwa siku moja. Leo tunalala Braunschweig.

Mwanahawa: Mpakani wamewakagua?

Rehema: Polisi walikuwepo, wanasimamisha gari moja moja. Sisi walitupungia tupite. Viza ya Schengen aliyopewa na Waholanzi inamfikisha na huku, ila pasipoti na karatasi za bima natembea nazo mwenyewe, siziachi kwenye begi.

Mama: Rehema, mwendo.

Rehema: Mama, Uholanzi mchana barabara kuu nyingi mwisho ni kilomita 100 kwa saa. Huku kuna vipande havina kikomo kabisa, kuna gari limetupita sasa hivi nikahisi letu limesimama. Mimi nimekaa njia ya kulia na malori.

Baba: Mama Rehema, mtoto anaendesha vizuri. Anatazama kioo kabla ya kufanya lolote. Vitumbua vimebaki vinne na chai ya tangawizi bado ya moto.

*Jumapili*

Rehema: [Picha] Tumesimama Marienborn, pembeni mwa barabara kuu ya A2. Hapa ndipo palikuwa mpaka wa Ujerumani mbili, ya Mashariki na ya Magharibi. Vibanda vya ukaguzi na minara ya taa wameviacha vilevile, kuingia ni bure.

Baba Mdogo Issa: Kaka, hao wa upande wa mashariki ndio waliotujengea maghorofa ya Kikwajuni na Kilimani hapa Unguja baada ya Mapinduzi.

Baba: Ndio hao Issa. Nimesimama chini ya paa la bati walipokuwa wakikagua magari. Palikuwa na mkanda wa kupitishia pasipoti, inaondoka mkononi mwako unabaki unasubiri. Mimi mwaka 1989 nilikuwa darasani, tukasikia redioni kuwa ukuta wa Berlin umefunguliwa. Nilichora ramani ubaoni nikawaonyesha wanafunzi mstari unapopita. Leo nimeuvuka kwa miguu.

Hamisi: Baba, hilo darasa nilikuwemo!

Rehema: Tunaondoka, kuna baridi na hataki kufunga koti.

Mama: Funga koti.

Rehema: Berlin tumeingia salama. Kwa wenye mpango wa kuja na gari: katikati ya mji huingii bila stika ya kijani kwenye kioo, ya kuonyesha moshi wa gari hauchafui hewa sana, hata gari la nje. Mimi niliagiza mapema. Na jumba la makumbusho Jumatatu wanafunga, ndiyo maana nilikazana tufike leo.

Mwanahawa: Tumeni picha jamani, tumekaa roho juu.

Rehema: [Picha]

Rehema: Mjusi wetu huyo hapo. Mita 13 na ushei kwenda juu. Ametoka kwetu Tendaguru.

Hamisi: Allahu akbar. Huyo mdogo chini pale kwenye mguu ndiye Baba?

Rehema: Ndiye. Mfupa wa mguu wa mbele peke yake, kuanzia bega hadi kiwiko, una zaidi ya mita 2. Baba ananyoosha mkono na haufikii mwisho wake. Tangu tuingie hajasema neno, kavua kofia.

Shangazi Somoe: Subhanallah. Na ni mifupa yenyewe?

Rehema: Mingi ni yenyewe. Pingili za shingo na mgongo wameweka za kutengeneza, za asili ni nzito mno kupandishwa juu vile. Na hayuko peke yake, humu ndani wako na wenzake wa Tendaguru, mmoja ana miiba kuanzia mgongoni mpaka mkiani.

Baba: Nimekaa kwenye benchi sasa, naandika. Nimefundisha habari hizi miaka yote Lindi kwa chaki tu. Wanangu, sikilizeni. Vita vya Maji Maji vilikwisha 1907, kusini njaa imeua watu wengi. Mwaka 1909 Wajerumani wakaanza kuchimba Tendaguru, hadi 1913. Wachimbaji walifika mamia. Mifupa ikafungwa kwa mianzi, watu wakaibeba kichwani na mabegani, mwendo wa siku nne kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200, kwa ujira mdogo. Nilipokuwa nasema tani 200 darasani watoto walikuwa wanaandika tu. Leo nimeuona mfupa mmoja nikajiuliza waliubeba vipi.

Mwanahawa: Baba umeniliza hapa dukani.

Hamisi: Baba, majina yao yapo hapo? Waliobeba?

Baba: Jina nililolitafuta mimi ni la Boheti bin Amrani. Alikuwa msimamizi wa wachimbaji na fundi mkuu wa kuisafisha na kuiandaa ile mifupa. Mwaka 2007 mtaalamu mmoja alimpa mjusi mwingine wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Hiyo imekaa vizuri. Lakini mjusi huyu mkubwa jina lake la kitaalamu ni Giraffatitan brancai, kwa jina la Branca, profesa wa Berlin. Wabebaji ni mamia na wengi hakuna anayewajua.

Baba Mdogo Issa: Mimi nasema warudishe. Rais wa Ujerumani alikuja Songea 2023 akaomba msamaha kwa waliyoyafanya Wajerumani wakati wa ukoloni. Msamaha uje na mzigo.

Mwanahawa: Baba mdogo, wakirudisha tutaweka wapi? Jengo lenye dari la kumtosha huyo, Lindi lipo?

Baba Mdogo Issa: Litajengwa! Tusikubali kwamba sisi hatuwezi kutunza cha kwetu.

Shangazi Somoe: Issa ana haki. Watu wanalipa tiketi kuona mali ya Lindi, na barabara ya kwenda Tendaguru kwenyewe ikinyesha hupiti.

Baba: Mimi hapa nilipo nataka arudi, na nataka afike salama. Yote mawili. Wataalamu wetu waje wajifunze kumshika, jengo lijengwe, ndipo afunguliwe. Wakati tunasubiri, watupe nakala za mifupa na za daftari za uchimbaji, ziwekwe Lindi mjini, mtoto wa darasa la nne aone. Hilo halihitaji kusubiri jengo kubwa.

Hamisi: Baba, hayo uliyoandika nampelekea mwalimu mkuu kesho asubuhi pamoja na picha.

Baba: Peleka. Na ukipata nafasi nenda kwa wazee wa vijiji vya karibu na Tendaguru, waulize nani babu yake alibeba. Uandike jina, la baba yake, na kijiji. Usirekodi sauti tu, andika.

Hamisi: Ijumaa baada ya swala nakwenda, Baba. Nakodi bodaboda.

Mama: Rehema, baba yako amekula?

Rehema: Bado Mama, amerudi tena kwenye mguu. Saa kumi na mbili wanafunga, nikimtoa hapa tunakwenda kutafuta wali.

Mama: Mwache amalize.