Kisukari, figo na potasiamu ya 5.7: kipunguzwe nini kwanza?

Mpishi wa Zamu
Wakuu, habari zenu. Mgonjwa ana kisukari aina ya 2 na presha, eGFR (kipimo cha kazi ya figo) 44, na albumini, protini ya damu, inavuja kwenye mkojo. Anatumia metformin ya sukari na losartan ya presha. Alipoambiwa apunguze chumvi, jikoni wakahamia chumvi mbadala. Kipimo cha damu cha jana: potasiamu 5.7 mmol/L, juu ya kawaida. Sasa wamemkataza matunda, maharage na mboga za majani, amebaki na wali mweupe na mkate. Sukari ya asubuhi inapanda. Je, wako sahihi? Na viazi vikilowekwa usiku kucha vinakuwa salama?

Lishe ya Figo
Mkuu, kabla ya kugusa tunda lolote, itoeni hiyo chumvi mbadala jikoni leo. Nyingi hutengenezwa kwa kloridi ya potasiamu. Ikiwa ni kloridi ya potasiamu tupu, kijiko kimoja cha chai kina takriban gramu 2.5 za potasiamu, sawa na ndizi mbivu sita za wastani. Kwa mtu anayetumia losartan hilo ni jambo zito. Dawa hiyo hupunguza aldosteroni, homoni inayoiambia figo itoe potasiamu kwenye mkojo, na kwa baadhi ya wagonjwa wa kisukari homoni hiyo huwa imeshapungua hata kabla ya dawa.

Chumvi ya kawaida isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na vitu vya kopo. Ladha itafuteni kwenye limau, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili.

Viazi: kuloweka vikiwa vizima ni kazi bure, potasiamu iko ndani ya seli na maji baridi hayaifikii. Menya, kata vipande vidogo vya sentimita moja hivi, chemsha kwenye maji mengi hadi viive, kisha mwaga maji yote. Hapo karibu nusu inaweza kutoka. Kosa ninaloliona sana ni kuyageuza yale maji kuwa mchuzi. Potasiamu yote inarudi mezani. Kupika kwa mvuke au kukaanga vibichi hakuitoi. Na wanga unabaki uleule, kwa hiyo kiasi kipimwe kama kawaida.

Dawa na Vipimo
Naongeza la sukari, maana ndilo linalosahaulika. Insulini ndiyo inayoisukuma potasiamu iingie ndani ya seli. Sukari ikipanda na insulini haitoshi, potasiamu hutoka kwenye seli ikarudi kwenye damu. Kumlisha wali mweupe na mkate pekee kunaweza kumwongezea tatizo lilelile wanalolikimbia. Zaidi ya hapo, bila nyuzinyuzi atafunga choo, na figo zikichoka utumbo ndio husaidia kutoa potasiamu.

Kipimo kirudiwe ndani ya siku tatu. Asikunje na kukunjua ngumi wakati wa kutolewa damu, na sampuli isikae muda mrefu. Seli zikipasuka namba hupanda kwa uongo. Akihisi moyo kwenda mrama au misuli kulegea, au namba ikifika 6 na zaidi, ni hospitali mara moja apimwe umeme wa moyo.

Losartan asiiache mwenyewe, inazilinda figo. Mwambieni daktari kama anatumia diclofenac, ibuprofen, spironolactone au co-trimoxazole, maana nazo huweza kupandisha potasiamu. Kwa eGFR 44, dozi ya metformin nayo iangaliwe. Sukari ikishuka ghafla, mpeni gramu 15 za glukosi au sukari kwenye maji, si juisi ya machungwa, kisha apimwe baada ya dakika 15.

Mchambua Lebo
Maharage yasihukumiwe haraka. Fosforasi yake, madini mengine ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa, imefungwa kwenye fitati (kiambata cha asili cha mbegu), na tumbo la binadamu halina kimeng'enya cha kutosha kuifungua, hivyo nusu au pungufu ndiyo inayofyonzwa. Inayoongezwa viwandani hufyonzwa karibu yote: soseji, jibini za kusindika, soda nyeusi za kola. Kwenye lebo tafuta neno lolote lenye "fosfati", au namba E338 hadi E341 na E450 hadi E452. Maharage yachemshwe, maji yamwagwe, na apewe kwa kipimo.

Dawa za kiungulia na za kulainisha choo zenye magnesiamu asijinunulie, figo dhaifu huirundika.

Mpishi wa Zamu
Asanteni sana. Nimegeuza pakiti: kloridi ya potasiamu imetajwa ya kwanza, ya sodiamu inafuata.

Lishe ya Figo
Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo kloridi ya potasiamu ndiyo iliyo nyingi zaidi humo. Nendeni na pakiti hiyo kliniki pamoja na dawa zote, na mwulizeni daktari mboga zipi zirudi wakati majibu mapya yanasubiriwa. Tufaha dogo na kabichi iliyochemshwa huwa mwanzo mzuri.