Tupeane uzoefu: ulitafutaje mtandaoni hadi ukakipata kitu ulichoambiwa hakipo?

#1 (mleta mada)
Habari zenu wakuu. Inaniuma kuona watu wanakata tamaa mapema. Mtu anaandika swali zima kama anavyoliuliza kwa mdomo, anaangalia majibu mawili ya juu, basi: "hakuna". Mara nyingi kipo. Shida ni kwamba aliyekiandika alitumia maneno mengine kabisa.

Naanza na langu. Windows iligoma kujisasisha, ikanitupia maelezo marefu na chini yake namba 0x80070005. Maelezo nikayaacha, nikanakili namba peke yake nikaiweka ndani ya alama za kunukuu (ili itafutwe kama ilivyo), nikaongeza "Windows Update". Hapo hapo nikajua maana yake ni kunyimwa ruhusa: kuna faili ambalo mfumo unataka kuligusa na hauruhusiwi. Nikajua pa kwenda kurekebisha.

Ujumbe wa hitilafu nanakili herufi kwa herufi, ila natoa kilicho changu, kama jina la faili au folda. Hivyo havipo kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na vikibaki ndani ya alama za kunukuu hutapata kitu. Karibuni.

#2
Mkuu umegusa penyewe. Mimi nakuja na upande wa Kiswahili. Visanduku vingi vya kutafutia vilivyo ndani ya tovuti vinatafuta neno zima, kama ulivyoliandika. Lugha yetu nayo inabandika vitu mbele na nyuma. Ukiandika "kupandikiza" unamkosa aliyeandika "nilipandikiza", "inapandikizwa" au "upandikizaji".

Nilipokuwa nahangaika na miche nilijaribu maumbo yote, moja baada ya jingine. Lililonipa majibu ya maana ni "nilipandikiza". Anayesimulia alichokifanya kwa mikono yake huandika hivyo, na huyo ndiye niliyemtaka. "Kupandikiza" iliniletea maelezo ya jumla tu, na wengi walikuwa wamenakiliana.

Ukurasa ukiwa mrefu, nabonyeza Ctrl na F kisha naandika "pandikiz", naishia hapo. Kivinjari kinakamata herufi hizo hata zikiwa katikati ya neno, kwa hiyo maumbo yote yanawaka rangi kwa pamoja. Kwenye simu, Chrome imeiweka ndani ya vile vidoti vitatu.

#3
Alama ya kutoa: ukiiweka mbele ya neno, kurasa zenye neno hilo zinaondolewa. Nilikuwa nasoma historia ya kisiwa cha Java, kila ninachofungua ni mambo ya kompyuta, maana kuna lugha ya programu yenye jina hilo hilo. Nikaandika Java -programming -software, Indonesia ikaanza kuonekana. Alama ishikane na neno, usiache nafasi katikati.

#4
#2, hiyo ya "nilipandikiza" naichukua leo leo. Swali: natafuta miongozo ya afya yenye uhakika, lakini naletewa habari za juu juu tu. Mnafanyaje?

#5
#4 ndugu yangu, nenda moja kwa moja kwa mwenye mwongozo. Kwenye Google andika: malaria site:who.int filetype:pdf. Hapo unaiambia ibaki ndani ya tovuti ya Shirika la Afya Duniani na ikuletee PDF tu. Ukitaka vya karibuni ongeza after:2022. Baada ya hizo nukta mbili usiache nafasi. Hiyo site: naitumia pia pale ambapo kisanduku cha tovuti yenyewe ni kibovu, na vibovu ni vingi mno.

#6
Kuna wakati maneno hayasaidii hata kidogo. Cheti changu cha mafunzo kilitumwa kwa barua pepe miaka ya nyuma. Natafuta "cheti", hakuna. Natafuta jina la kozi, hakuna. Kumbe faili liliitwa scan001 na barua yenyewe haikuwa na neno hata moja. Kwenye Gmail nikaandika has:attachment filename:pdf older_than:2y (yaani zenye kiambatisho cha PDF, za zaidi ya miaka miwili), nikaongeza from: na anwani ya ofisi ile. Zikabaki barua chache, nikazifungua moja moja hadi kikatokea. Ukikosa la kuandika, jiulize kitu chenyewe kikoje: cha lini, kutoka kwa nani, ni faili la aina gani.

#7
Naongeza: ukikuta kiungo kimekufa, usiondoke. Nakili anwani yake uipeleke web.archive.org. Pale wana kurasa zilizohifadhiwa tangu 1996. Si zote, lakini mimi nimewahi kupata mwongozo mzima wa mashine ambayo mtengenezaji alishaufuta.

#1 (mleta mada)
Asanteni sana wakuu. Je, kitu kikiwa kimesemwa ndani ya video ndefu?

#2
YouTube, kwa kompyuta: fungua maelezo yaliyo chini ya video, na kama ina maandishi ya mazungumzo utaona sehemu ya kuyaonyesha. Yakishatokea pembeni, Ctrl na F tena, kipande cha neno tu. Bofya mstari uliowaka rangi, video inaruka hadi dakika hiyo.