Msimulizi wetu akitupa tena upanga wa +1, nauli ya Sakina sitoi

Wakuu, nina hasira na sitaki kuambiwa "ni mchezo tu".

Tuko watano, tunacheza Dungeons & Dragons kila Jumamosi Sakina, hapa Arusha. Ni mchezo wa mezani: msimulizi anatunga kisa, sisi kila mmoja anaigiza mhusika wake, na dadu zinaamua kama tumefaulu. Mimi natokea Usa River, nauli juu yangu. Wiki nne tumehangaika na pango moja. Kasisi wetu kaliwa na buibui mle ndani. Jumamosi hii ndiyo tumelifikia sanduku, likafunguliwa: upanga wa +1 (wa tatu huo!) na sarafu 4,000 za dhahabu.

Sarafu hizo kabeba nani? Kitabu cha sheria cha toleo la tano kinasema sarafu 50 ni ratili moja. Pigeni hesabu: ratili 80, kilo 36 na ushee. Msimulizi anajibu "mmeshabeba, tuendelee". Nikaomba basi nichukue zulia la ukutani na bawaba za shaba za mlango. Meza nzima ikacheka. "Hizo takataka, kaka."

Takataka? Na wewe msimulizi umezaliwa Arusha, mabroka wa mawe unapishana nao mjini kila siku! Tanzanite inachimbwa hapo Mererani, imejulikana tangu 1967, na ikitoka ardhini mara nyingi ni kahawia tu, kama kipande cha chupa ya bia. Ile bluu huja ikishachomwa. Kuna hazina gani tamu kuliko hiyo? Tuseme majitu ya pangoni yamezibia nyufa za ukuta kwa mawe hayo, sisi tunayakanyaga na kupita. Siku moja sokoni mzee anamwona mtoto anachezea kimoja tulichomwokotea, mkono unaanza kumtetemeka. Tunarudi pangoni mbio, tunakuta nyayo za watu wengine. Uchawi hata punje hakuna, na vikao vitatu umeshapata.

Au marobota ya merikani, kile kitambaa cha pamba. Misafara ya karne ya 19 ilibeba vitambaa na shanga kwa sababu ukipita nchi ya mtemi unalipa hongo (hongo ya njia, siyo hii mnayoijua). Tupe marobota kumi, punda wawili na watemi watano. Tutafika na mangapi? Mvua ikitukuta je? Juu yake weka bakuli za Kichina, kama zile zilizofukuliwa Kilwa, halafu punda ajikwae.

Hata jani la isale! Sisi Wachagga ukimpelekea mtu isale kumwomba radhi, kukukatalia ni kazi kubwa. Bibi kizee anilipe jani moja badala ya dhahabu, mimi nibaki naumiza kichwa nilipeleke kwa nani kati ya wote tuliowakosea, na tumekosea wengi. Hilo ningelala nalo chini ya mto.

Upanga wa +1 unafanya nini? Unaongeza moja kwenye dadu. Basi. Zangu mbili nimezifunga pamoja kama kuni.

Haya yote nilimwandikia kwenye kundi la WhatsApp. Kanirudishia kikatuni kinacheka, na chini yake: "Jumamosi zamu yako ya vitafunwa."

Mandazi sileti. Na lile zulia bado liko ukutani, nalifuata peke yangu.