Ruti ya ziwa Tshangalele iko sawa kwenye kompyuta, ikiingia kwenye GPS inageuka. Nisaidieni

KijanaWaRuashi
Jambo bakubwa. Wiki nzima napigana na hiki kifaa, sasa nimechoka, naomba ushauri.

Jumapili tunatoka pikipiki nne, Lubumbashi hadi Likasi. Kwa lami ni kama kilomita 120, lakini hatutaki kumeza moshi wa malori njia nzima. Kwa hiyo nimepanga ruti kwenye BaseCamp, programu ya Garmin ya kupanga safari kwenye kompyuta: inaacha lami upande wa Kapolowe, inapita kwa udongo karibu na ziwa, halafu inarudi barabara kubwa. Kwenye kompyuta ni nzuri ajabu. Nachomeka kebo, natuma, kifaa kinapokea. Nikiifungua kwenye GPS, udongo wote umefutika! Inanipeleka kwa lami moja kwa moja mpaka Likasi.

Nimeituma mara sita. GPS ni zumo, ya Garmin ya pikipiki, niliinunua kwa mtu aliyerudi kutoka Ubelgiji. Je, ni faili inaharibika, au kebo ni mbovu?

FundiKatuba
Mdogo wangu, acha kuituma. Kuna kebo za kuchaji tu, hizo kompyuta haioni kifaa kabisa. Yako imepitisha faili, kwa hiyo haina kosa.

Shida ni kwamba ruti si mchoro. Ni vituo vilivyopangwa, na katikati ya kituo na kituo GPS inaweza kuhesabu njia upya kwa akili yake yenyewe. Uliweka vituo vingapi? Na ingia kwenye mipangilio, pale pa vitu vya kuepuka. Kama barabara zisizo na lami zimewekewa alama, basi umejipatia jibu. Huko Ubelgiji alama hiyo haimsumbui mtu. Hapa kwetu, ukiiacha hata kwako Ruashi hutafika.

KijanaWaRuashi
Yaya, alama ilikuwepo! Nimeitoa. Vituo ni vitatu tu: nyumbani, njia panda ya Kapolowe, Likasi. Sasa inaingia kwa udongo, ila inapita njia nyingine, si ile niliyoichagua mimi.

BwanaSimu
Mambo yote haya ya nini? Weka OsmAnd kwenye simu, pakua ramani ya Kongo ukiwa na intaneti, fungua humo faili ya ruti yako (GPX). Dakika tano, umemaliza.

FundiKatuba
Programu ni nzuri, hata mimi ninayo. Lakini simu kwenye usukani wa pikipiki, kwa barabara ya mawe, kilomita mia? Apple wenyewe walitoa onyo mwaka 2021 kwamba mtetemo wa pikipiki unaweza kuharibu kamera ya iPhone. Na jua la mwezi wa kumi hapa, skrini utaisomea wapi? Simu ikae mfukoni, iwe ya akiba.

MamaWaKamalondo
Mwanangu, swali ambalo hawajakuuliza: ramani iliyo kwenye kompyuta na ile iliyo kwenye GPS ni moja?

KijanaWaRuashi
Hapana mama. Kwenye kompyuta niliweka ya bure ya OpenStreetMap. Kwenye GPS kuna ramani ya zamani ya Afrika aliyoiacha mwenye kifaa.

MamaWaKamalondo
Njo hapo. Umepanga kwa ramani moja, kifaa kinasoma nyingine. Njia ndogo uliyoichagua huenda kwake haipo kabisa, kwa hiyo inatafuta iliyo karibu.

Chukua ramani ile ile ya OpenStreetMap ya kuwekwa kwenye vifaa vya Garmin, faili inaitwa gmapsupp.img. Tafuta kadi ndogo ya memori, uiformati kwa mfumo wa FAT32, tengeneza folda ya Garmin ndani yake, weka faili humo, ingiza kadi kwenye kifaa. Halafu, na hapa ndipo watu wengi wanasahau, ingia kwenye orodha ya ramani uizime ile ya zamani. Zikiwaka zote mbili hujui ni ipi inayokuongoza.

Baadaye rudi BaseCamp uongeze vituo, hasa kila penye njia panda ya udongo. Vya ziwani uviweke kama vituo vya kupitia tu, visivyotangazwa. Kituo cha kutangazwa ukikiruka kwa mita chache, kifaa kitakuambia geuka, geuka, mpaka utamani kukitupa mto Lufira.

MzeeWaLikasi
Na mimi naongeza moja. Mbali na ruti, tuma pia treki ya safari ile ile. Kwenye BaseCamp ruti inageuzwa kuwa treki kwa kubofya tu. Treki ni mstari, haihesabiwi upya na kifaa chochote. Haitakuambia pinda kushoto, lakini ipe rangi nyekundu iache ionekane kwenye ramani. Ruti ikiiacha ile nyekundu, ujue kifaa kimeanza kuwaza tena.

Ila ramani haijui mvua. Ukifika Kapolowe, simama uulize wauza samaki kama njia ya ziwani inapitika. Wao wameipita asubuhi.

KijanaWaRuashi
Aksanti sana bakubwa. Nimefanya vyote jana usiku umeme uliporudi. Leo asubuhi nimejaribu kipande kidogo hapa Ruashi, njia za udongo tupu, na ruti imekaa juu ya mstari mwekundu mwanzo mpaka mwisho.

Swali moja limebaki: mwenzangu ana Mac, GPS yake ni kama yangu, na kompyuta haioni kifaa kabisa.

FundiKatuba
Zumo za karibuni zinaongea na kompyuta kwa MTP, yaani njia fulani ya kuhamisha faili, na Mac peke yake haisomi hiyo. Atumie Windows ya mtu, au aweke GPX kwenye kadi ya memori. Mwambie apite kwangu Ijumaa, lakini aje na kebo yake. Yangu iliazimwa mwezi wa tatu, na aliyeiazima yumo humu anasoma.